Mshahara wa Wasiokula

Kila mwisho wa mwezi, kwenye saa kumi na moja jioni, Mama Msomi alipangusa meza, akaikausha kwa kitambaa, kisha akapanga bahasha saba juu yake. Zilikuwa bahasha za kaki, zile ndefu, na alikuwa amezitumia miaka minne bila kuzibadilisha. Pembe zikianza kuchanika alizibandika gundi ya karatasi na maisha yakaendelea. Kila moja ilikuwa na jina lake kwa wino mzito: Kodi, Chakula, Maji na Mkaa, Ada, Dawa, Dharura, na ya mwisho, Yeye.

Yeye alikuwa mumewe. Baba Msomi alifanya kazi kiwanda cha sabuni, kwenye mtambo wa kukorogea, na mshahara wake aliuleta nyumbani taslimu, laki tatu na elfu sitini, pakiti ikiwa bado imebanwa pini. Hakuwahi kuifungua njiani. Aliiweka mezani, akavua viatu, akangoja agawiwe elfu arobaini na tano zake za nauli, chakula cha mchana na sigara nne kwa siku. Wanawake wa mtaa ule walimwita Mama Msomi Benki Kuu, na aliyekwama kati yao alikuja kuulizia siri yake. Siri hakuwa nayo. Aliwaambia tu kwamba hela ikishaingia kwenye bahasha yake isiruhusiwe kutembelea bahasha nyingine. Asichowaambia ni kwamba yeye mwenyewe, ikifika tarehe ishirini, alishachota Dharura kulipia maji, akachota Maji kununua mchele, na siku za mwisho watu watatu wa nyumba ile walikula mara moja kwa siku huku kila mmoja akidai hana njaa.

Mtoto wao alikuwa mmoja, binti, naye alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Baba yake alimpa jina la Msomi tangu ana miaka minne, siku alipomsikia akisoma maandishi ya kwenye karatasi ya sabuni.

Baba Msomi alifariki mwezi wa pili, tarehe kumi na moja, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Aliweka mkono kifuani, akaegemea reli ya mtambo, akafa. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpokea, na sabuni isipokorogwa huganda ndani ya pipa ikaharibika yote, aliendelea kukoroga mpaka zamu ilipokwisha saa kumi. Alivua glavu, akazitundika kwenye msumari wake, akajilaza kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo. Gari la kiwanda lilimleta nyumbani pamoja na miche miwili ya sabuni, mgawo wake wa mwezi ule.

Mazishi yalimaliza Dharura yote, yakamaliza Dawa, yakala nusu ya Chakula. Mama Msomi aliandika kila kitu nyuma ya bahasha husika: sanda, usafiri, mchanga, watu wa kuchimba. Bahasha ya Yeye alikuta ina elfu ishirini na saba. Aliishika muda mrefu, halafu akazitoa, akanunulia chai na sukari ya wafiwa.

Siku ya tatu tarishi wa kiwanda alikwenda makaburini na pikipiki. Barua aliyobeba ilitakiwa ifike mkononi mwa mhusika, na kwa vile haikuwezekana, aliisoma kwa sauti ya kutosha mbele ya kaburi. Ilisema kwamba kwa mujibu wa mkataba mfanyakazi anayeacha kazi hutoa notisi ya miezi mitatu, kwamba Baba Msomi ameondoka bila notisi, na kwamba anatakiwa kuripoti kazini Jumatatu saa moja asubuhi. Baba Msomi hakupenda matatizo na ofisi tangu akiwa hai. Jumatatu alitoka, akarudishia udongo vizuri kama alivyoukuta, akaenda kazini kwa miguu. Makaburi yako karibu na kiwanda kuliko nyumbani, kwa hiyo nauli haikuhitajika.

Hakuwa wa kwanza. Mlinzi mmoja wa usiku na mama mmoja wa kitengo cha kufungasha walikuwa wamerudishwa tangu mwaka uliopita, na mtaa mzima ulilijua hilo kama unavyojua kwamba bomba la kona hutoa maji siku za Alhamisi.

Mwisho wa mwezi aliingia nyumbani saa kumi na nusu, saa yake ileile. Mabega yalikuwa na udongo mkavu, lakini harufu ilikuwa ya sabuni tupu. Mama Msomi alimtandikia gunia kwenye kiti ili kisichafuke, akammiminia chai, vijiko viwili vya sukari. Baba Msomi aliweka pakiti mezani. Chai ikapoa. Mama Msomi aliitazama chai ile ikipoa, akawaza vile vijiko viwili, akajichukia kwa kuwaza.

Akafungua pakiti. Zilikuwa laki mbili na elfu tisini. Kikaratasi cha ndani kilieleza: posho ya chakula imeondolewa, posho ya nauli imeondolewa, matibabu yameondolewa, mchango wa nyumba umeondolewa; daraja: Wasiokula.

"Wamekata elfu sabini," alisema.

"Walinieleza," alisema mumewe. "Sikuwa na la kujibu. Kweli sili."

Alikaa nusu saa, akauliza kama paa bado linavuja, akaambiwa linavuja, akasema angekuwa na nafasi angelipanda. Kisha akaondoka, maana asubuhi alikuwa na zamu.

Mama Msomi akabaki na bahasha zake. Kodi elfu themanini, hiyo haina mjadala. Chakula alizoea kuweka laki na kumi, lakini aliyekuwa akila sana nyumba ile ni mwanamume wa kukoroga sabuni saa tisa kwa siku; kwa watu wawili, elfu sabini na tano zilitosha. Maji yalipungua kwa sababu nguo zake za kazi hazikufuliwa tena nyumbani. Ada hamsini. Dawa ishirini, ambazo zilikuwa dawa za presha za mama mkwe wake. Dharura kumi na tano. Yeye, hakuna. Alipomaliza, mezani palibaki elfu kumi na tano ambazo hazikuwa na pa kwenda.

Alihesabu upya. Alimwaga bahasha zote, akaanza moja. Zikabaki elfu kumi na tano zilezile. Miaka minne hela ile haijawahi kubakisha hata ya kununua kibiriti, na sasa, mwenye mshahara akiwa kaburini, imebaki. Mama Msomi aliinuka akafunga mlango kwa ndani, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Akachukua bahasha ya Yeye, akalipiga mstari lile jina, akaandika chini yake: Akiba.

Alilia usiku ule kwa muda mfupi, akalala.

Mwezi uliofuata ukawa hivyo, na uliofuata huo. Alipokuja safari ya tatu hakumiminiwa chai. Hakuiulizia. Alikaa kwenye gunia lake, mikono juu ya magoti, akamwambia mkewe kwamba amechoka. Mama Msomi akamwuliza anaumwa wapi.

"Siumwi popote. Mwili hausikii kitu," alisema. "Shida ni kuamka. Mtu ukishalala ule usingizi, Mama Msomi, halafu ukaamshwa kwa kengele."

Hakumalizia. Alikuwa amesikia kwamba notisi yake inakwisha mwezi ule, na kwamba kuna fomu. Yeye hawezi kuitia saini mwenyewe kwa sababu wino haushiki mkononi mwake. Anayetakiwa ni mke.

Mama Msomi alikwenda kiwandani siku ya pili yake, akiwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Karani wa utumishi alikuwa mwanamke mstaarabu mwenye mafua, aliyejifuta pua kwa leso kabla ya kila sentensi. Alimpa pole ya msiba, akamvutia kiti, akamwonyesha fomu. Ilikuwa na vijumba viwili: Kuachiwa, na Kuendelea. Akitia alama Kuachiwa, marehemu anapumzika na mshahara unakoma mwezi uleule. Akitia alama Kuendelea, mkataba unasonga miezi mitatu mitatu, na fomu hailazimiki kurudishwa haraka. Isiporudishwa, ofisi inahesabu kwamba anaendelea.

Mama Msomi aliuliza kama kuna kiinua mgongo. Karani akasema kipo, kwa anayestaafu. Akauliza kama kufa kazini si kustaafu. Karani akajifuta pua, akasema swali hilo limeulizwa na wengi na makao makuu bado wanalitazama.

Akaja na ile fomu nyumbani. Binti alikuwa na mitihani mwisho wa mwaka, na ada ya muhula wa pili ilikuwa imebakiza wiki mbili. Hakutia alama popote. Aliitia fomu kwenye bahasha mpya, ya nane, ambayo hakuiandika jina, akaiweka chini kabisa ya nyingine zote.

Mumewe alipokuja hakuuliza moja kwa moja. Alitazama meza, akatazama zile bahasha, akauliza tu mpaka lini.

"Mpaka Msomi amalize," alisema mkewe. "Ni miezi saba tu, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mwezi wa saba mtambo ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa cha wanaokula, kwa hiyo alivichukua, akavitia mfuko wa shati, akafanya kazi mpaka saa kumi. Ilikuwa mwisho wa mwezi; alivileta nyumbani pamoja na pakiti. Kwenye kikaratasi walikuwa wamekata elfu nne za glavu iliyochanika. Mama Msomi hakujua pa kuviweka vile vidole. Mwishowe alivitia kwenye bahasha, na Jumapili, siku ambayo wafu wa kiwanda hulala, alikwenda makaburini akavifukia ubavuni mwake, kwa mkono, kwa utulivu, asimwamshe.

Mwezi wa nane mwenye nyumba alipandisha kodi ikawa laki moja. Ile ziada ya elfu kumi na tano ikaisha, na elfu tano nyingine zikachotwa Dharura. Kwa hiyo sasa mume hali, havai, hapandi gari, haugui, na bado hela haitoshi. Mama Msomi alilisema hili kwa sauti siku moja akiwa peke yake jikoni, kama mtu anayesoma tangazo.

Mama mkwe alikuja mwezi wa tisa, bila taarifa, asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyeishi upande wa pili wa mji kwa binti yake. Aliketi, akakataa maji, akakataa chai.

"Nilikwenda kumwona mwanangu Jumatano," alisema. "Siku hizi hata udongo harudishii. Nikakuta shimo."

"Yuko kazini, mama. Angekuwepo Jumapili."

"Najua yuko kazini. Ninachouliza ni nani anayemwamsha."

Yule mama akaendelea, bila kupandisha sauti, kwamba yeye alimzaa mtoto yule akiwa na miaka kumi na tisa, kwamba alikuwa mtoto mwenye usingizi mzito kuliko wote, wa kubebwa kutoka mkekani mpaka kitandani bila kujua, na kwamba sasa anamwona mke amekaa juu ya kaburi lake kama mtu aliyekaa juu ya kabati la hela. Alisema ameambiwa kuna fomu. Alisema anataka kuiona.

Mama Msomi akaenda chumbani, akarudi na bahasha zote. Akazipanga mezani kwa mpangilio wake. Hakuanza kujitetea. Alifungua Kodi, akaonyesha na kutaja kiasi. Akafungua Chakula. Akafungua Maji na Mkaa, Ada, Dharura ambayo ilikuwa na noti mbili, na Akiba, ambayo baada ya ada ya mitihani ilibaki na sarafu. Halafu akafungua ya Dawa, akaisukuma mpaka mbele ya mama mkwe wake.

Yule mama aliitazama. Ndani palikuwa na noti mbili za elfu kumi.

"Hii ndiyo ninayonywea vidonge?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Hata kabla hajafa."

Saa ya ukutani iligonga, na jirani upande wa pili alikuwa akipiga zulia kwa fimbo. Mama mkwe alikaa akiangalia noti zile kama anayesubiri zimwambie neno. Alikuwa na miaka sabini na moja, na vidonge vilivyobaki nyumbani kwake vilikuwa vya siku tatu. Mwishowe alinyoosha mkono, akazichukua, akazifunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili.

"Akija," alisema, akiinuka, "mpe pole."

Fomu hakuitaja tena. Mama Msomi alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono kuvuka mtaro, na wote wawili hawakutazamana.

Msomi alifanya mitihani yake. Alijua kila kitu, kwa sababu nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta wa mbao. Miezi ile yote alisoma mezani palepale hela ilipogawiwa, na kila mwisho wa mwezi alikusanya vitabu saa kumi ili kumpisha baba yake akae. Mwanzoni waliongea. Baba alimwuliza amejifunza nini, naye akamweleza, kwa mfano, jinsi mafuta na magadi yanavyogeuka sabuni. Baba alifurahi kujua, akasema amekoroga miaka kumi na sita bila kuambiwa. Lakini kadiri mwaka ulivyokwenda maneno yalimpungua. Nywele zilikwisha. Ngozi ilikuwa nyeupe na laini kama mche wa sabuni uliokaa majini, na alipokaa kwenye gunia aliacha alama ya utelezi.

Matokeo yalitoka mwaka mpya, mwezi wa tatu. Msomi alikuwa amefaulu vizuri sana. Alipata nafasi ya chuo cha uuguzi, miaka mitatu, ada kwa mwezi elfu sitini. Mama alishika karatasi ile kwa mikono miwili, akaisoma mara nyingi, halafu akatoa kalamu na kuanza kupiga hesabu pembeni mwa gazeti. Ingewezekana. Ada ya shule hamsini imetoka, ya chuo sitini imeingia. Kumi za kuongezea angezitafuta kwa kufua nguo za watu. Kila kitu kingewezekana, mradi zile laki mbili na tisini ziendelee kuingia miaka mitatu mingine. Hakulisema neno la mwisho hilo kwa sauti. Alilipigia mstari tu chini.

Tarehe ya mwisho wa mwezi ule, saa kumi na nusu, mlango uligongwa. Alikuwa jirani, mshona nguo wa nyumba ya tatu, amemshika Baba Msomi kwenye mkono wa shati. Alisema kwa upole kwamba ameingia kwake, ameweka pakiti kwenye cherehani, akakaa. Si mara ya kwanza. Mwezi uliopita aliingia kwa muuza mkaa.

Walimkalisha. Msomi alipiga magoti kumfungua kamba za viatu, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Baba yake alimtazama kichwani.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, baba."

"Mimi nina mtoto?"

"Unaye. Ni mimi."

Alifikiri. Ilionekana anatafuta kitu kimoja ndani ya chumba kikubwa kisicho na taa, na kwamba kitu chenyewe kilikuwa kimebaki hicho tu.

"Umemaliza shule?" aliuliza.

"Nimemaliza, baba."

"Basi naweza kulala?"

Mama Msomi alikuwa amesimama karibu na meza, pakiti mkononi. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba kuna chuo, kwamba Msomi amepata chuo, ni miaka mitatu tu. Baba Msomi aliitikia kwa kichwa. Akaanza kuinama ili avae viatu vyake.

Msomi hakumruhusu. Alimshika vifundo vya miguu, akabaki ameinamia pale sakafuni.

"Mama," alisema, "tia saini."

"Hujui unachosema. Tukikata mshahara huu tutakula nini?"

"Nitaingia mimi kiwandani. Nafasi yake itakuwa wazi."

"Na chuo?"

"Siwezi kukaa darasani miaka mitatu nikijifunza kuuguza watu, huku baba yuko pale."

Mama aliweka pakiti mezani. Angeweza kusema mengi, na baadaye, akiwa kitandani, aliyapanga yote: kwamba ndiye aliyekuwa akilala na njaa kabla ya mtu mwingine yeyote, kwamba hakuna mwezi hata mmoja aliojinunulia hata nguo ya ndani, kwamba alichofanya alikifanya kwa ajili ya karatasi ile ya matokeo. Pale mezani hakusema hata moja. Alivuta ile bahasha isiyo na jina, akatoa fomu. Ilikuwa imekunjika mara nne. Akaipiga pasi kwa kiganja, akatia alama, akaandika jina lake polepole, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuliandika.

Ofisi ilimtaka Baba Msomi amalizie wiki. Ijumaa saa kumi Mama Msomi, Msomi na bibi yake, yule mama mkwe, walimngoja getini. Alitoka na wenzake, glavu ameziacha kwenye msumari. Walitembea naye mpaka makaburini. Ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Njiani bibi alimshika mkono ule wenye vidole vitatu, na hakuna aliyezungumza, isipokuwa mara moja Baba Msomi aliuliza kama kesho kuna zamu, akaambiwa hakuna. Alishuka mwenyewe. Alilala kwa ubavu, akavuta magoti kidogo. Bibi akainama ukingoni akamwita kwa jina la utotoni, mara tatu. Hakuitika.

"Haya," alisema bibi. "Amelala."

Walimfukia kwa jembe la kuazima.

Jumatatu Msomi alikwenda kuomba nafasi. Foleni ilianzia getini ikazunguka ukuta mpaka kwenye jalala. Wengi walikuwa vijana, wengine na vyeti kama chake. Karani wa utumishi alimtambua kwa sura ya baba yake, akamtoa kwenye foleni. Alikuwa amepona mafua. Alisema nafasi ni yake, namba ya kazi ni ileile, kuanzia keshokutwa. Kuhusu mshahara, alimweleza, nafasi ile imeshawekwa kwenye bajeti ya kiwanda kwa laki mbili na tisini, daraja la Wasiokula, na bajeti ikishapitishwa hairudi nyuma. Kwa miezi sita ya kwanza zitakatwa elfu arobaini za sare na mafunzo.

Msomi alimwambia kwamba yeye anakula.

Karani akasema anaelewa. Akasema kwa kweli tangu mwezi wa kwanza waajiriwa wote wapya wanaingia kwa daraja hilo, walio hai na wasio hai, ili kusiwe na ubaguzi. Akamgeuzia daftari atie saini. Nyuma ya Msomi, foleni ilisogea hatua moja.

Mwezi wake wa kwanza uliisha siku ya Jumapili, kwa hiyo pakiti aliileta Jumamosi. Mama alipangusa meza, akapanga bahasha. Ya Ada aliiondoa. Aliweka Kodi laki moja, Chakula sabini na tano, Maji na Mkaa thelathini na tano, Dawa ishirini. Zilibaki elfu ishirini. Nauli na chakula cha mchana vya mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni ni elfu arobaini na tano, hata akibana. Alipunguza Chakula, akaongeza kwenye nauli. Akarudisha. Akaiacha Dharura tupu, na bado arobaini na tano hazikufika. Alitazama ile ya Dawa, akaondoa macho. Kila alivyozipanga, zilitosha nyumba yote isipokuwa yule aliyezileta.

Msomi alikuwa ameketi akimtazama, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Usihangaike, mama," alisema. "Kumi na tano tia Dharura, tano ongeza kwenye mkaa. Mimi nitatembea. Na mchana pale hakuna anayekula. Mtambo hauzimwi."

Mama Msomi akafunga bahasha moja moja.

Jumatatu asubuhi alitoka na binti yake, akisema anakwenda kununua mkaa. Walitembea pamoja mpaka njia panda ya kiwanda. Hapo barabara mbili hukutana, ya kutoka mjini na ya kutoka makaburini, na watu walikuwa wakija kwa zote mbili, kimya, kwa mwendo mmoja, mikono mitupu. Msomi alimwambia mama yake arudi, akaingia katikati yao. Mama Msomi alisimama pembeni akimfuata kwa macho. Kulikuwa na vumbi jepesi, na baada ya hatua kama thelathini hakuweza tena kusema ni nani alitoka wapi.

Mlinzi wa getini aliwahesabu wote kwa hesabu moja, mia nne na kumi na mbili, akaandika kwenye kitabu, akafunga geti. Mama Msomi akageuka, akaharakisha kidogo, kwa sababu muuza mkaa hupunguza bei kwa wateja wanaofika kabla ya saa moja na nusu.